Ukurasa wa Tekofu

Mnaponikuta pale stendi ya Buzuruga au kwenye foleni ya benki mkaniamkia "shikamoo mwalimu", mimi huitikia marahaba kwa sauti ndogo, na nasikia baadhi yenu mmeanza kusema mzee Bulugu ameota maringo tangu astaafu. Si maringo. Neno hilo la marahaba limekuwa zito mdomoni mwangu, na leo nataka niwaeleze kwa nini, hasa ninyi mnaoanza kazi ya ualimu, ambao chaki bado haijawakausha vidole. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na ushee, karibu yote hapahapa Mwanza. Yako mengi ya kuchekesha ambayo huwa nayasimulia bila kuombwa. Hili moja sijawahi kulisimulia, kwa hiyo mkiona nalizungukazunguka, nivumilieni kidogo.

Kwanza jina. Wanafunzi wangu wa zamani hawaniiti Bulugu, wananiita Tekofu. Limetokana na "take off", vijineno viwili ambavyo Mwingereza akiviweka pamoja anavitumikisha kazi chungu nzima. Mimi nilivifundisha kwa vitendo. Naingia darasani nimevaa koti hata kama jua linapasua mawe, nalivua taratibu mbele ya wanafunzi, naandika ubaoni: maana ya kwanza, kuvua nguo. Nanyoosha mikono na kukimbia katikati ya madawati mpaka ukutani: ya pili, ndege kupaa. Nachomoka mlangoni bila kuaga, wanabaki wanashangaa, narudi nahema: ya tatu, kuondoka ghafla. Ya nne ni kumwigiza mtu, na hapo nilikuwa namwigiza mkuu wa shule anavyotembea amefunga mikono nyuma, tumbo mbele. Siku moja niliona darasa zima limenyamaza badala ya kucheka, kugeuka nikamkuta mwenyewe amesimama mlangoni, mikono nyuma, tumbo mbele. Zilizobaki nilizieleza kwa mdomo tu: kuchukua siku ya mapumziko, kupunguza bei, kuondoa basi lisifanye tena safari zake, na jambo kushika kasi, kama biashara mpya iliyopata wateja. Jumla nane.

Igeni hapo kama mnataka kuiga kitu kwangu. Mtoto aliyekuona ukikimbia na mikono hewani hasahau kupaa ni nini, na huna haja ya kumkaririsha.

Aliyenifundisha hayo ni mzee Mafuru, Mjita, mwalimu niliyemkuta kazini nilipoanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, ra na la zilikuwa zinabadilishana viti, lakini Kiingereza chake kilinyooka kama rula. Alikuwa na desturi moja. Kila somo lilipoanza alichora mraba mdogo juu kabisa kwenye pembe ya ubao, akauita kona ya kesho. Mwanafunzi akiuliza jambo ambalo mzee hakulijua, aliliandika mle ndani, akasema, "Hiri sirijui. Kesho." Na kesho yake alikuja na jibu, au alikuja kusema bado anatafuta. Mimi nilikuwa kijana mwenye mbwembwe, niliona mzee anajiaibisha mbele ya watoto.

"Burugu," aliniambia mara moja tukiwa tunasahihisha madaftari, "ukiurizwa usirorijua, sema sirijui. Hutakufa."

Alipostaafu nilirithi madarasa yake. Kona ya kesho niliifuta wiki ya kwanza.

Sasa njooni miaka ya tisini, mambo yalipofunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkakuta kila kitu dukani, hamuwezi kuielewa ile homa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa, ndege za mizigo zilikuja kuchukua minofu kwenda Ulaya, wazungu na Wahindi wageni walikuwa wanatafuta watu wa kuongea nao. Mtunza stoo alitaka Kiingereza, dereva alitaka Kiingereza, hata msichana wa kukata minofu aliambiwa ajifunze kusoma maandishi ya kwenye maboksi. Mshahara wa mwalimu mnaujua, haujabadilika tabia. Tukaingia kwenye tuisheni. Mimi nilikuwa na banda langu Igogo, madawati ya kuazima kanisani, na kijitabu changu nilichokiandika mwenyewe: vitenzi vya Kiingereza na maana zake zote.

Kutengeneza kijitabu wakati ule ilikuwa kazi ya mikono. Unaondoa utepe kwenye taipureta, unapachika stensili, ile karatasi yenye nta, unagonga herufi ziitoboe nta. Ukikosea unakwangua taratibu kwa wembe, unapaka dawa nyekundu, unapuliza ikauke, unagonga upya. Halafu unazungusha mpini wa mashine ya kurudufia mpaka bega linauma. Nilikuwa natembea na wembe wangu kwenye mfuko wa shati, umefungwa karatasi. Ukumbukeni huo wembe.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu Rwegasira, Mhaya wa shule ya jirani, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, naye alikuwa na banda lake mtaa wa pili. Kijitabu chake kilipotoka, wanafunzi waliniletea. "Mwalimu, Rwegasira ana maana tisa za take off. Wewe una nane." Niliangalia, nikakuta amechukua maana moja akaigawa mara mbili. Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nilikwenda nyumbani nikaketi mbele ya taipureta, na mwezi uliofuata kijitabu changu kilikuwa na maana kumi na mbili.

Nne nilizitunga. Natamani niwaambie nilizitoa kwenye kitabu fulani cha zamani, lakini nimeahidi kusema ukweli. Niliandika kwamba homa ikimtoka mgonjwa, Mwingereza husema take off. Kuanua nguo kwenye kamba mvua inapokuja, take off. Kufungua mkutano kwa sala, take off. Na ya kumi na mbili, ambayo niliipenda kuliko zote, uji ukichemka ukafurika kwenye sufuria, nao ume-take off. Niliandika na sentensi za mifano. Watu walinunua, banda likajaa mpaka wengine wakasimama dirishani, Rwegasira akapunguza kunitambia na tai yake. Nilianza kuzifundisha maana hizo hata shuleni, nikionyesha uji unavyofurika kwa kupandisha mikono yote miwili.

Msichana aliyenisimamisha anaitwa Kabula. Alikuwa kidato cha nne, nami ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa darasa. Mama yake alikuwa mkulima wa ng'ambo, upande wa Sengerema, na Kabula alikaa kwa shangazi yake Mkolani. Mpole, mrefu, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengi. Kwa ajili ya mwandiko huo tulimfanya kiranja wa maktaba, ingawa maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja la chuma. Ndani ya kabati kulikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza ya msaada, moja tu kwa shule nzima. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja nilikuwa nao mimi, wa pili alikuwa nao yeye.

Alinyoosha mkono nikiwa nimepandisha mikono yangu ya uji.

"Mwalimu, samahani. Kwenye kamusi maana ni nane."

"Kamusi gani?"

"Ile ya kabatini. Nilisoma jana. Hiyo ya uji haipo, na ya sala haipo."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayekwambia kifungo chako kimefunguka. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuchora ile kona ya mzee Mafuru. Mimi niliona wanafunzi arobaini wakinitazama, nikaona na banda la Igogo, na Rwegasira akicheka.

"Sawa," nikasema. "Kesho ilete hapa mbele, utusomee sote."

Mchana ule shule ilipotulia nilifungua kabati. Nilitafuta ule ukurasa, nikazisoma zile maana nane, moja moja. Kisha nikatoa wembe wa stensili mfukoni nikaukata ukurasa karibu kabisa na mshono. Nilikuwa stadi wa wembe, haikunichukua muda. Niliukunja nikauweka kwenye mfuko wa shati, mahali pa wembe. Sikuwa nimepanga zaidi ya hapo. Nilitaka tu kesho ipite.

Kesho yake Kabula alileta kamusi ameikumbatia, akaiweka kwenye meza yangu, akafungua. Akageuza ukurasa mmoja, akarudi, akageuza tena. Akapitisha kidole kwenye mshono. Darasa lilianza kucheka.

"Haya, tusomee," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo.

"Ukurasa haupo, mwalimu."

"Basi hizo nane ulizisoma wapi?"

Wakacheka zaidi. Nilidhani imekwisha, nikaendelea na somo. Lakini habari ikafika kwa mkuu wa shule kwamba kamusi ya msaada imekatwa, na wafadhili walikuwa wanatarajiwa kutembelea. Asubuhi iliyofuata, mstarini, aliinyanyua kamusi juu shule nzima iione. Akauliza nani ana ufunguo. Kabula akajibu, "Mimi na mwalimu Bulugu." Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mwalimu wa Kiingereza aikate kamusi, tena ya nini? Wakapekua mkoba wa Kabula wakakuta wembe, kipande cha kuchongea penseli, kama walichokuwa nacho wanafunzi wote.

"Una la kusema?" mkuu akamuuliza.

Kabula hakumtazama mkuu. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na walimu wenzangu kwenye kivuli cha jengo, hatua chache tu, na ukurasa ulikuwa bado mfukoni, kwa sababu nilikuwa nimevaa shati lilelile. Nilitazama viatu vyangu. Nawaambia, navikumbuka viatu vile mpaka kamba zake.

"Sina, mwalimu," akasema.

Alirudishwa nyumbani akalete mzazi, na akaambiwa asirudi mpaka ukurasa urudi. Mtihani wa majaribio, moko, ukafanyika akiwa hayupo. Nilikuwa nikijiambia nitakwenda kwa mkuu Jumatatu, na Jumatatu ikifika najiambia Ijumaa. Baada ya wiki tatu nilimwona darasani, amekonda, ameketi dawati la nyuma. Mama yake alikuwa amevuka ziwa kwa kivuko kuja kumwombea, akapiga magoti ofisini. Nilisikia tu kwamba suala la ukurasa limekwisha. Sikuuliza limekwishaje. Kamusi ikarudi kabatini, na mimi tangu siku ile sikuzifungua tena kurasa zake za herufi T. Kufundisha niliendelea, nikizificha zile nne polepole, toleo hadi toleo, mpaka kijitabu kikarudi kwenye nane na hakuna aliyeona.

Mngedhani nimemaliza. Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonikaba.

Kidato cha nne walipomaliza, nilijaza vyeti vyao vya kuondokea shule. Kuna mstari wa tabia, na anayeujaza ni mwalimu wa darasa. Nilifika cha Kabula. Mkuu alipita nyuma yangu akasema, "Huyo unamjua, andika." Hakunishika mkono. Ningeandika nzuri, asingerudi kuangalia, alikuwa na vyeti mia vya kugonga mhuri. Nikaandika kwa kalamu yangu: si mwaminifu kwa mali ya shule. Nikasaini. Niliogopa kwamba nikimsafisha yeye, mtu ataanza kutafuta mchafu mwingine.

Basi nilistaafu. Wakanifanyia sherehe, wakanipa jembe la mfano na kitenge cha mama watoto, wakanisifu mpaka nikatamani kuzama chini. Kabla ya kuondoka ilibidi nikabidhi kabati kwa mwalimu Neema, binti mdogo aliyetoka chuoni karibuni. Ule ukurasa nilikuwa nao bado, miaka yote ile, ndani ya bahasha katikati ya Biblia. Nilikuwa nimeamua kuurudisha kimyakimya, niupenyeze mahali pake, niondoke. Nikaichukua kamusi, nikafungua.

Mahali pake palikuwa na ukurasa.

Ilikuwa karatasi ya daftari, yenye mistari, imekatwa ikalingana na kamusi, imegandishwa kwa gundi ya unga wa ngano ambayo ilishakuwa ya kahawia. Imeandikwa mbele na nyuma kwa kalamu ya bluu, herufi ndogo ndogo zilizosimama vizuri, maneno makuu yamepigiwa mstari mwekundu. Ukurasa mzima wa kamusi, umenakiliwa kwa mkono. Nilimfahamu mwenye mwandiko kabla sijasoma neno. Kwenye "take off" kulikuwa na maana nane, na chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote: umenakiliwa na Kabula M., kidato cha nne, kutoka kamusi ya maktaba ya mjini.

"Ah, huo," mwalimu Neema akasema akichungulia. "Wanafunzi wanaupenda, mwalimu. Wanasema unasomeka kuliko zile za mashine. Ulikuwa unamfahamu aliyeuandika?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa mwalimu wake wa darasa. Nikairudisha bahasha mfukoni.

Kumpata hakukuwa kazi. Nilikuwa nikijua kwa miaka kwamba ana kibanda cha kushona sare za shule Buzuruga, ndiyo maana nilikuwa nazunguka njia nyingine kwenda stendi. Nilimkuta ameinamia cherehani, pini zimejaa mdomoni, mtoto wa shule amesimama mbele yake anapimwa sketi. Alizitoa pini moja moja, akasimama, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa wasichana wa zamani.

"Shikamoo mwalimu."

Haikutoka. Mdomo ulifunguka, marahaba haikutoka. Nilimpa ile bahasha.

Alimruhusu mtoto aende, akaketi, akafungua. Aliusoma ukurasa wote, mbele na nyuma, bila haraka, kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au matusi.

"Kumbe kamusi yetu ilikuwa na mfano wa ndege," akasema. "Ile ya mjini haikuwa nao."

"Kabula, ni mimi niliyeukata."

"Najua, mwalimu. Funguo zilikuwa mbili. Mimi sikukata."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kama alivyonitazama mstarini. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Niliomba msamaha. Nilisema mengi, mengine sikumbuki, nikasema nitakwenda kwa mkuu wa sasa, nitakwenda kwa afisa elimu, cheti kibadilishwe. Akainuka akatoa kwenye droo ya cherehani mfuko wa nailoni, ndani yake kulikuwa na kile cheti, kimekunjwa mara nne. Alisema alikipeleka chuo cha ualimu mwaka aliopata matokeo. Alikuwa amefaulu. Mzee wa usaili alisoma mstari wa tabia kwa sauti, akauliza uaminifu gani huo, akamrudishia. Mwaka uliofuata alijaribu chuo kingine, ikawa hivyohivyo. Baada ya hapo shangazi yake akamnunulia cherehani.

"Nilitaka nifundishe Kiingereza," akasema. "Nilitaka niwe nakimbia kati ya madawati kama wewe."

Nililia, na sioni haya kulisema hilo, maana haya zangu ziko kwingine. Yeye hakulia. Aliukunja ukurasa akanirudishia, akasema ni mali ya shule, nikaurudishe. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nikusamehe nisikusamehe, mwalimu, kesho asubuhi kuna mtoto wa mtu atasimamishwa mstarini. Na kuna mwalimu atakuwa anatazama viatu vyake." Alichukua pini zake. "Waambie hao. Wewe unajua kusimulia, watakusikiliza. Na jina langu ulitaje, kwa sababu mstarini lilitajwa."

Nimeurudisha ukurasa. Kurasa zote mbili ziko kwenye kamusi sasa, ule wa mashine na ule wa mkono, na mwalimu Neema anajua kwa nini. Kwenye pembe ya ubao wake nilimwomba achore mraba mdogo. Afisa elimu nilimwandikia, nikaambiwa mwalimu aliyestaafu hawezi kubadilisha cheti, hana tena mamlaka wala mhuri. Ni kweli, sina. Lakini mkono ulioandika ule mstari bado ninao, na kalamu ninayo, basi niacheni niujaze upya hapa mbele yenu, kama nilivyopaswa kuujaza siku ile.

Jina: Kabula Masanja. Kidato: cha nne. Tabia: mwaminifu. Amesaini, Bulugu, mwalimu wa darasa.